SOMO JUU YA KUAZIMA VITABU: VYA KARATASI NA VYA TELEFONE



Munajua kwamba kabati ya vitabu ya shule yetu imefungwa tangu majuma matatu. Wengi munauliza juu ya nini. Wengine munasema mtunzaji amekasirika. Si hasira. Nilitaka kwanza kuhesabu, kisha kufikiri, na sasa ninawapa matunda ya kufikiri kwangu kwa njia ya somo.

Mambo yalianza hivi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita alikuja mlangoni saa ya mapumziko:

— Mwalimu, jambo. Ile buku ya shimi iko?

— Haiko, mtoto wangu. Ilienda.

— Ilienda na nani?

— Na mtu mwenye alisema ataileta siku ya kwanza.

— Siku ya kwanza ya juma gani, Mwalimu?

Sikuweza kumjibu. Nilifungua kaye ya kuazima, nikahesabu. Kabati ina vitabu 62. Vitabu 17 vilitoka na havijarudi, na vingine vilitoka tangu mwaka wa masomo uliopita. Ule mwanafunzi yuko anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na kitabu anachokihitaji kimelala chini ya kitanda cha mtu ambaye labda alimaliza kukisoma siku nyingi.

Mwenzake aliyekuwa nyuma akacheka, akatoa telefone mfukoni:

— Mwalimu, juu ya nini tunachoka na buku? Mimi niko nayo humu. Nitamutumia sasa hivi, na mimi nitabakia nayo. Hakuna mwenye atapoteza.

Neno hilo la mwisho nililibeba mpaka nyumbani. Ni kweli kwamba hakuna mwenye atapoteza? Hilo ndilo swali la somo letu.

I. KUKOPA, KUAZIMA, KUOMBA MOTO

Tuanze na mambo ya nyumbani, kwa maana lugha yetu imekwisha kuyatenga vizuri.

Mama anakutuma kwa jirani kukopa kikombe cha chumvi. Unaileta, inapikwa, inaliwa. Kesho mama anarudisha kikombe kingine. Jirani hatasema: “Hii siyo chumvi yangu.” Hiyo ni kukopa. Kitu ulichokitwaa kinaisha, na unarudisha kingine cha kiasi kile kile. Falanga ni vile vile.

Lakini wageni wakija, mama anakutuma kwa jirani kuleta sufuria kubwa. Hiyo ni kuazima. Lazima irudi sufuria ile ile, imesafishwa. Ikirudi na tundu, kuna neno. Na wakati wote sufuria iko kwenu, jirani hapiki ndani yake. Ukikaa nayo mwezi, umemnyima mwezi mzima.

Kuna jambo la tatu. Asubuhi mtoto wa jirani anakuja na kibati kuomba kaa la moto. Unampa moja. Mbabula yao inawaka, na yenu inaendelea kuwaka. Hakuna mtu anayerudisha moto. Hakuna hata anayeandika katika kaye kwamba alitoa moto.

Sasa shikeni vizuri: kitabu cha karatasi ni sufuria. Kitabu cha telefone kinafanana na moto. Ule mwanafunzi aliyecheka alikuwa na haki nusu. Moto haupungui ukiugawa. Lakini makala yanatoka wapi? Kuna mtu aliyekata miti, akachoma, akabeba gunia mgongoni mpaka sokoni. Tutamrudilia mtu huyo mbele. Kwanza tumalize habari ya sufuria.

II. ALIYENUNUA KITABU ANA HAKI GANI?

Mtu akinunua kitabu cha karatasi, anaruhusiwa kukiazimisha? Leo tunaona ni ndiyo tu, lakini haikuwa wazi siku zote. Katika nchi nyingine swali kama hilo lilifika mbele ya waamuzi.

Huko Marekani, mwaka 1904, kampuni ya vitabu ya Bobbs-Merrill ilitoa hadithi iitwayo The Castaway. Ndani yake kampuni iliandika onyo: hakuna mwenye duka anayeruhusiwa kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Kampuni ikashitaki. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kampuni ikiisha kuuza nakala ya kitabu, haiwezi tena kuitawala nakala hiyo na kupanga bei ambayo wengine wataiuza.

Maana yake ni hii. Kitabu kina wenye haki wawili. Mtungaji na mchapaji wana haki ya kuchapa: ni wao wanaosema kitabu kiongezwe au kisiongezwe. Aliyenunua ana haki juu ya karatasi aliyoishika: anaweza kuiuza, kuitoa zawadi, au kuiazimisha watu mia moja mmoja baada ya mwingine. Anachokosa ni ruhusa ya kuchapa nyingine. Kwa wazo hilo maduka ya vitabu vilivyotumika na maktaba nyingi za dunia zinafanya kazi bila kuomba ruhusa kila siku.

Hapa kwetu, sheria ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, namba 86-033, iliwekwa ili kulinda haki za watungaji. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mtungaji wa Kinshasa au wa Goma naye ni mtungaji.

III. VITABU VYENYE KUTEMBEA

Kitabu kinachoazimishwa kinatembea. Katika Afrika ya Mashariki kimetembea kwa njia nyingi, na kila njia ina fundisho.

Mwaka 1931 Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi. Ni nyumba nzuri ya mawe, yenye nguzo kubwa mbele. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika aliweza kupita barabarani na kuziona nguzo, vitabu hakuviona. Milango ilifunguliwa kwa watu wote karibu na mwisho wa ukoloni. Fundisho: vitabu vikiwa vingi lakini mlango umefungwa, ni kama haviko.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, yenye makao Nairobi, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ofisi hiyo ilichapa vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine, na ilikuwa na kazi ya kuazimisha pia. Ilituma masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba, na kuazimisha wasomaji wa mbali kwa njia ya posta. Fikirini: mtu yuko kijijini, anaandika barua, kitabu kinafika. Akiisha kusoma anakifunga tena, anakirudisha posta. Hakuna askari aliyemfuata. Kazi yote ilisimama juu ya neno la mtu.

Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1967, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Na mwaka 1996 huduma ya maktaba za taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watu wanaohama na mifugo yao katika nchi kavu. Walianza na ngamia watatu. Pale gari lisipopita, ngamia alipita na masanduku. Fundisho: msomaji asipoweza kufika kwenye kitabu, kitabu kinaweza kumfuata. Lakini ngamia akifika na masanduku matupu, kwa sababu wasomaji wa mwisho hawakurudisha, safari yake ni ya bure.

Ona sasa, mwanafunzi. Kitabu kinaweza kufungiwa na rangi ya ngozi, kama Nairobi ya zamani. Kinaweza kufungiwa na umbali, au na ukosefu wa makuta. Na kinaweza kufungiwa na mwenzako wa kalasi asiyekirudisha. Kufuli ni mbalimbali, lakini aliye nje ya mlango ni yule yule: msomaji mikono mitupu.

IV. KAMUSI YA MZEE

Niruhusuni niwaambie habari yangu mwenyewe.

Mwaka 2002 nilikuwa mwanafunzi sawa na ninyi. Kulikuwa mzee mmoja, mwalimu aliyepumzika kazi, rafiki ya baba yangu. Nyumba yake ilikuwa karibu na katikati ya mji, na alikuwa na rafu ya vitabu kutoka chini mpaka juu. Aliniazimisha kamusi ya Kifaransa, nzito sana. Nilimwahidi nitairudisha kwa mwaka mpya. Mwaka mpya ukapita. Nilikuwa ninaona haya kumpitia barabarani.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza, siku ya nne ya juma, Nyiragongo ikapasuka. Wazazi wenu watawaeleza. Moto ulishuka ukaingia mjini, ukapita uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji, ukafika ziwani. Watu zaidi ya 100.000 walibaki bila nyumba. Sisi tulikimbia kwa miguu mpaka Gisenyi pamoja na mji mzima. Mama alibeba mtoto na sufuria. Mimi nilikuwa na mfuko wa shule, na ndani ya mfuko kulikuwa ile kamusi, kwa sababu sikupata nafasi ya kuutoa.

Tuliporudi, nilikwenda kwa mzee. Nyumba haikuwako. Mahali pake palikuwa jiwe jeusi lenye kutoa moshi bado, na vitabu vyote vilikuwa chini ya jiwe hilo. Nilimkuta mzee kwa mkwe wake. Nikampa kamusi kwa mikono miwili. Aliishika, akafungua ukurasa wa kwanza alipoandika jina lake, akakaa kimya. Kisha akasema: “Zile nilizifunga ndani zote zimeungua. Hii niliitoa, njo imebakia.” Nikadhani amenisamehe kabisa. Akainua macho akaongeza: “Lakini ulichelewa majuma mawili.”

Msiseme basi kuchelewa ni kuzuri! Siku moja kuchelewa kuliokoa kitabu. Siku nyingine zote kunakiua. Ninachotaka mushike ni hiki: kitabu kimoja kilichoko nyumba moja, moto mmoja unakimaliza. Vitabu vilivyoenea mikononi mwa watu waaminifu, moto mmoja hauvipati vyote. Kuazimisha si kupunguza mali. Kunaweza kuwa njia ya kuitunza. Lakini inatunza kama tu kila mwenye kuazima anakumbuka kwamba kitu si chake.

Baadaye nilijifunza kwamba mlima haukutosheka. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, jioni, ulipasuka tena. Tarehe 27 ikatoka amri ya kuondoka katika sehemu ya mji, na mtaa wetu wa Majengo ulikuwa kati ya mitaa iliyotajwa. Tukakimbia tena: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kwenda Bukavu. Safari hiyo niliona jambo jipya. Wanafunzi wengi hawakubeba mfuko wa shule. Walibeba telefone. Na ndani ya telefone kulikuwa masomo yao yote ya mwaka, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Hapo nikaelewa kwamba siwezi tena kufundisha juu ya kuazima vitabu bila kufundisha juu ya kitabu cha telefone.

V. KITABU CHA TELEFONE

Kitabu cha telefone ni maandishi yaliyowekwa katika faili. Hakina uzito. Vitabu mia vinakaa ndani ya karta ndogo kuliko ukucha. Ukikituma kwa Bluetooth au kwa WhatsApp, hutoi kitabu chako: telefone yako inaandika kingine kilicho sawa kabisa ndani ya telefone ya mwenzako. Ndiyo maana nilisema ni moto, si sufuria. Kwa kweli neno “nimemuazimisha PDF” ni neno la bure. Hujaazimisha. Umechapa kitabu cha pili, na telefone yako ndiyo mashini ya kuchapa.

Hapo ndipo tofauti na sehemu ya II inapotokea. Ile haki ya mwenye kununua ni juu ya nakala aliyoishika, siyo haki ya kuchapa. Kwa hiyo wenye kuuza vitabu vya namna hii mara nyingi hawauzi kitabu; wanauza ruhusa ya kukisoma. Ona mifano mitatu.

Wa kwanza. Mwezi wa saba mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, ndani ya vyombo vya kusomea vya watu waliokuwa wamekwisha kuvinunua. Aliyeviweka kwenye duka hilo hakuwa na haki navyo. Wanunuzi walirudishiwa makuta yao, lakini vitabu viliondoka bila wao kuulizwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa akiandika ndani yake maelezo ya somo lake. Kazi yake ikawa haina maana tena. Kiongozi wa kampuni aliomba radhi. Sasa jiulize: ni mwenye duka gani anayeweza kuingia nyumbani kwako usiku kuchukua kitabu cha karatasi?

Wa pili. Huko Uholanzi kulikuwa duka la Tom Kabinet lililotaka kuuza vitabu vya eletroniki vilivyokwisha kusomwa, sawa na vile vya karatasi vinavyouzwa mara ya pili. Mwezi wa 12 mwaka 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataa. Ilitaja kati ya sababu zake kwamba faili haichakai. Karatasi inapasuka, inaloa; kitabu cha zamani si sawa na kipya. Lakini faili ya mkono wa mia ni mpya kama ya mkono wa kwanza.

Wa tatu. Maktaba ya Internet Archive, huko Marekani, ilikuwa inapiga picha vitabu vya karatasi ilivyonavyo na kuviazimisha kwa intaneti. Kanuni yake ilikuwa kwamba kwa kila kitabu cha karatasi kilichowekwa pembeni, msomaji mmoja tu anasoma faili. Yaani walijaribu kuufanya moto uwe sufuria. Mwezi wa tatu mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, waliondoa mpaka huo kwa muda. Mwezi wa sita kampuni nne za vitabu zikawashitaki. Mwamuzi alitoa hukumu mwaka 2023, na mahakama ya rufaa mwaka 2024. Zote mbili zilisema kampuni zina haki, hata juu ya ile kanuni ya mmoja kwa mmoja.

Basi, msifikiri kwamba kitabu cha telefone ni kitabu cha karatasi kilichopoteza uzito. Ni kitu kingine. Karatasi inaweza kupotea, lakini ikiwa yako ni yako. Faili haipotei upesi, lakini mara nyingi si yako kabisa. Na tusisahau: karatasi haiombi umeme.

VI. NANI ANAPOTEZA?

Sasa tumrudilie mchoma makala.

Mwalimu mmoja anaandika kitabu cha hesabu. Anakaa usiku miaka miwili. Anatafuta makuta ya kuchapa. Kalasi moja ya wanafunzi 40 inanunua kimoja, mmoja anakipiga picha, 39 wanapokea faili. Mwaka ujao kalasi nyingine inapokea faili kutoka kwa kalasi ya kwanza. Mwandishi anabaki na maboksi nyumbani. Je, ataandika kitabu cha pili? Kumbe yuko mtu anayepoteza, ila hasimami mbele ya kabati ili tumuone.

Lakini sitawadanganya. Kuna upande mwingine. Wale 39 wengi wao hawakuwa na makuta ya kununua. Bila faili wasingesoma kitu. Kwa hiyo si kweli kwamba mwandishi alipoteza bei ya vitabu 39. Na kuna vitabu ambavyo, hata uwe na makuta, unazunguka Goma yote bila kuviona. Mwenye kuwahukumu wanafunzi wa Majengo aanze kwa kujua jambo hili.

Basi tufanyeje? Mimi ninawapa njia ya kuchambua faili zenu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: vitabu vilivyo huru. Vya watungaji waliokufa zamani, ambao muda wa haki zao umekwisha, ni vya watu wote. Mmarekani Michael Hart alianza kuvikusanya tangu mwaka 1971, kazi inayoitwa Project Gutenberg. Kuna pia vitabu ambavyo watungaji wenyewe waliviachilia kwa ruhusa zinazoitwa Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Kwa njia hiyo African Storybook, kazi iliyoanza Afrika ya Kusini mwaka 2014, inatoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili ndani. Ukiwa na wadogo nyumbani, hizo uzitume bila woga. Angalia ukurasa wa kwanza au wa mwisho: alama CC ndani ya duara inaonyesha ruhusa, na maneno yaliyo karibu yanaeleza mpaka wake.

Fungu la pili: kazi ya mkono wako. Sheria ya mtungaji inalinda maneno yake na namna alivyoyapanga. Hailindi maarifa yenyewe. Kanuni ya Pythagoras haina mwenyewe. Wala tarehe ya Uhuru, wala kanuni ya maji H₂O. Ukisoma kitabu, ukaelewa, ukaandika muhtasari kwa maneno yako, muhtasari huo ni wako. Upige picha, uutume kwa kalasi yote. Na utaona ajabu: aliyeandika muhtasari anashinda mtihani kuliko aliyepokea faili 200 asizozifungua.

Fungu la tatu: vitabu vyenye mwenyewe, vinavyouzwa leo. Kwa hivi ninasema: kama kinapatikana, kalasi ikusanye makuta kidogo kidogo inunue kimoja cha karatasi, kiingie kabatini, kiazimwe na wote. Hiyo haki hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Na kama mmoja wenu amenunua cha telefone, kaeni watatu msome pamoja, au umuazimishe telefone yenyewe kwa saa moja. Najua munacheka! Munasema: “Telefone? Hapana, Mwalimu, humo muko siri zangu.” Vema. Sasa munaelewa mwenye kitabu anasikia nini akikiazimisha: anatoa kitu ambacho hatakuwa nacho mpaka umrudishie.

VII. KABATI ITAFUNGULIWA

Munakumbuka habari ya yule aliyekuwa anakata miti kando ya Yordani, shoka likaanguka majini. Hakulia kwa sababu shoka ni ghali. Alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Moyo wa namna hiyo ndio ninaoutafuta, na moyo hauandikwi katika kaye. Lakini kaye inasaidia. Hizi ndizo kanuni mpya:

1. Kitabu kinatoka kwa majuma mawili. Ukitaka kuendelea, unakileta nione, na kama hakuna anayekingoja, ninaandika tarehe nyingine.

2. Jina la anayengoja litaandikwa mlangoni. Tangu leo hutakuwa unamnyima “mwalimu wa kabati”. Utajua ni nani unayemnyima.

3. Usimpe mwingine kitabu bila kupita kwangu. Vitabu vingi kati ya vile 17 havikuibiwa. Vilipita mkono wa pili, wa tatu, wa nne, na wa nne hajui vilitoka wapi.

4. Kikiloa au kikipasuka, kilete hivyo hivyo, useme. Tutakishona. Kitabu kilichofichwa kwa haya hakishoneki.

5. Aliyepoteza hatatozwa makuta kama hana. Ataandika muhtasari wa sura tatu za kitabu kingine kwa ajili ya kabati.

6. Kila kalasi ichague mtu mmoja wa kukusanya mihtasari na faili za mafungu mawili ya kwanza, ili mwenzenu asiye na megabaiti apate kwa Bluetooth bure.

Siku ya posho inayokuja, saa mbili asubuhi, nitaacha kikapu mbele ya mlango wa kabati. Mimi sitakuwako mpaka saa nne. Mwenye kitabu akiweke ndani ya kikapu aende zake. Sitauliza jina, sitaangalia kaye. Hata kama kimekaa miaka miwili. Hata kama ulikwisha kukata shauri kwamba sasa ni chako.

Na niwaambie kwa nini ninangoja siku hiyo kwa hamu. Ule mzee, mbele ya kufa kwake, alinipa ile kamusi. Mimi nilipokuja kufundisha hapa niliiweka kabatini. Ndiyo kitabu namba 1. Jina lake limo katika ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu. Kamusi hiyo ilipita moto wa mwaka 2002, na mwaka 2021 ilikwenda Sake na kurudi. Sasa iko kati ya vitabu 17.

Wewe uliye nayo, sikukasirikii. Mimi pia nilichelewa. Lakini irudishe.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KALASI

1. Eleza kwa mifano ya nyumbani kwenu tofauti kati ya kukopa, kuazima na kuomba moto.

2. Aliyenunua kitabu cha karatasi anaruhusiwa kufanya nini nacho? Hana ruhusa ya kufanya nini?

3. Kwa nini mahakama ya Umoja wa Ulaya haikukubali kitabu cha eletroniki kiuzwe mara ya pili kama cha karatasi?

4. Chukua faili tano zilizo ndani ya telefone yako, au ya mtu wa nyumbani kwenu. Kila moja ni ya fungu gani? Umejuaje?

5. Mwanafunzi anasema: “Nikituma, hakuna mwenye atapoteza.” Mjibu kwa mistari kumi. Usisahau upande wake.

6. Una kitabu cha nani nyumbani? (Swali hili halijibiwi kwa kuandika.)

Mtunza kabati ya vitabu